Kupiga Msasa Mashirika Yanayoomba Fedha za Familia za Mitaani: Mwongozo kwa Wanakamati Wapya

Kila kamati mpya ikiundwa, maswali huwa ni yale yale. Cheti hiki ni halali au la? Tukienda kuwatembelea tuangalie nini? Huyu ameleta faili lenye picha za rangi na yule kaleta kurasa nne za mkono, tunawalinganisha vipi? Na mheshimiwa akipiga simu? Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hivyo nimeyaweka yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeteuliwa kukaa kwenye kamati ya kuchuja maombi, iwe Nakuru, Kisumu au kaunti nyingine ya Kenya. Pengine ni afisa wa maendeleo ya jamii, pengine ni mwakilishi wa wananchi, wa kanisa au wa msikiti. Fedha zenyewe zinaweza kutoka kwenye hazina ya kitaifa ya kurekebisha familia za mitaani, ile iliyoanzishwa mwaka 2003, au kwenye bajeti ya kaunti. Kazi ya kuchuja haibadiliki sana.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: karatasi inathibitisha kwamba shirika lipo. Haithibitishi kwamba kuna mtu aliyelala ndani jana usiku. Kwa hivyo kila hatua hapa chini inatafuta vitu vitatu vikubaliane: jina la mtu, mahali anapolala, na shilingi iliyotumika kwake. Viwili vikikubaliana na cha tatu kikakataa, hujamaliza kazi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Nakala ya tangazo la kuomba fedha, neno kwa neno. Si muhtasari wa katibu.
- Fomu ya alama iliyokubaliwa kabla bahasha hazijafunguliwa.
- Fomu ya kutangaza mgongano wa maslahi, moja kwa kila mwanakamati.
- Simu yenye bando na kikokotoo.
- Namba za ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, afisa wa afya ya umma, chifu wa lokesheni na ofisi ya maendeleo ya jamii.
- Usafiri na chakula cha mchana kinacholipwa na ofisi yenu. Ukipanda gari la mwombaji na kula pilau yake, ziara hiyo imeshaharibika hata kama hukukusudia.
- Takwimu za sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018. Nchi nzima walihesabiwa watu 46,639. Kisumu walikuwa 2,746, Nakuru 2,005.

Hizo takwimu ni za zamani, na hesabu ya watu wasio na makao ni ngumu kuliko ya wenye nyumba. Lakini zitakusaidia kupima ukubwa wa madai. Mashirika matatu ya mji mmoja yakikuambia kila moja lilirekebisha vijana elfu moja mwaka jana, basi mitaa ya Nakuru ingekuwa tupu tangu zamani. Pita Gioto, kule jalalani Nakuru, au stendi ya magari jioni ujionee.

Hatua ya 1: Soma tangazo, kisha funga orodha

Siku ya mwisho ikifika, orodhesheni maombi yote mbele ya wanakamati wasiopungua wawili: jina la shirika, tarehe, idadi ya kurasa, sahihi. Piga mstari chini ya jina la mwisho. Ombi litakalokuja baadaye kwa kisingizio kwamba "lilikuwa limesahaulika mezani" halitapata nafasi ya kujipenyeza.

Hatua ya 2: Taja uhusiano wako kabla ya kufungua faili

Miji yetu ni midogo. Mkurugenzi wa shirika ni mama mliyeimba naye kwaya, mweka hazina ni shemeji, mwenye nyumba wanayokodi ni mzee wa kanisa lenu. Kujuana si kosa. Kosa ni kunyamaza. Jaza fomu, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na shirika hilo likijadiliwa toka nje ya chumba. Kutoka nje ni kutoka nje. Kukaa kimya kwenye kiti chako huku wenzako wakikutazama usoni hakuhesabiki. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya mwaka 2025 imekaza kamba zaidi kwa maafisa wa umma, kwa hivyo usichukulie fomu hii kama mapambo.

Hatua ya 3: Jua ni shirika la aina gani

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu kila aina ina mlango wake.

Kundi la kijamii, yaani CBO, husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Angalia tarehe ya mwisho ya cheti. Vyeti vingi vinavyoletwa vimekwisha muda na mwenyewe hajui.

Shirika lisilo la serikali sasa liko chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma. Sheria hiyo ilipitishwa 2013 lakini ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1990. Ukiletewa cheti cha zamani usikitupe. Uliza wamefika wapi katika kuhamia usajili mpya, na waonyeshe barua.

Kampuni isiyo na hisa, yenye dhamana tu, husajiliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Dai fomu ya CR12 ya karibuni, inayoonyesha wakurugenzi ni nani leo, si wale wa siku ya kusajili.

Wakfu na makanisa yana njia zake. Kwa hao, cha muhimu kwako ni kuona ni nani kisheria anaweza kusaini mkataba na kushtakiwa ukivunjwa.

Vyovyote iwavyo, hakiki kwa ofisi iliyotoa cheti. Nakala iliyogongwa muhuri wa wakili inasema tu kwamba nakala inafanana na alichoonyeshwa wakili. PIN na cheti cha kutimiza ulipaji kodi unaweza kukagua mwenyewe kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi, kwa dakika chache. Hata shirika lililosamehewa kodi huwa na PIN.

Kisha swali linalotenganisha maombi kuliko lolote: je, watoto wanalala hapo? Wakilala, kuna sheria nyingine kabisa. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua mtoto wa mtaani kama mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, na taasisi inayomhifadhi inapaswa kuwa na usajili wa Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto. Tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Kwa hivyo mtu akikuambia alifungua makao mwaka juzi na yamesajiliwa, mwombe akuonyeshe yalisajiliwa kama nini. Mara nyingi utakuta ni cheti cha CBO kilichotundikwa ukutani, na wageni wanakisoma kana kwamba ni leseni ya makao.

Zaidi ya hayo, mkakati wa kitaifa wa marekebisho ya malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudishwe kwenye familia, ya kuzaliwa au ya walezi wengine, badala ya kurundikwa kwenye mabweni. Ombi la kujenga bweni jipya la watoto hamsini linakwenda kinyume na mwelekeo huo. Linaweza kuwa limeandikwa kwa nia njema kabisa na bado likawa si la kufadhiliwa.

Na shirika likidai kutibu uraibu, wa gundi au wa dawa nyingine, uliza idhini ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kuombea vijana na kuwapa uji si tiba ya uraibu, ingawa uji wenyewe ni mwema.

*Onyo:* usimkate mtu kwa sababu ya mwandiko. Kina mama wa Nyalenda au Kaptembwo wanaopikia vijana kila Jumamosi wanaweza kuleta ombi lenye madoa ya mafuta, na ofisi iliyoajiri mwandishi wa maombi ikaleta faili la kung'aa. Tangazo likiruhusu muda wa kuleta karatasi iliyokosekana, toeni siku zile zile kwa wote, kwa barua.

Hatua ya 4: Angalia watu walio nyuma ya karatasi

Dai nakala za vitambulisho na vyeti vya tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwa wakurugenzi, na kwa kila anayeshinda au kulala na watoto: mpishi, mlinzi, mzungu wa kujitolea, wote. Mpishi ndiye husahaulika, na ndiye anayeonana na watoto kila siku.

Halafu tandaza maombi yote mezani pamoja. Usiyasome moja moja tu. Linganisha namba za simu, sanduku la posta, sahihi za mweka hazina, namba ya paybill. Utashangaa. Mashirika matatu yenye majina matatu yanaweza kuwa na mweka hazina mmoja na bajeti iliyonakiliwa mpaka na kosa la tahajia. Picha pia: ile ya watoto wakila, itafute kwenye intaneti kwa kutumia picha yenyewe. Kama ilishatumiwa na watu wa nchi nyingine, umepata jibu lako.

Hatua ya 5: Piga hesabu mpaka ifike kwa mtu mmoja na siku moja

Usibishane na jumla. Igawanye.

Tuseme shirika linaomba shilingi 2,400,000 kuhudumia vijana 40 kwa miezi sita. Hiyo ni shilingi 10,000 kwa kijana kwa mwezi. Inasikika vizuri. Sasa toa mishahara, mafuta ya gari, warsha na kodi ya ofisi, tuseme vinafika 1,400,000. Imebaki 1,000,000. Gawa kwa 40, gawa kwa 6, kisha kwa siku 30: unapata kama shilingi 139 kwa siku. Katika hizo kuna chakula mara tatu, sabuni, godoro, hospitali na nauli ya kumrudisha nyumbani kwao. Muulize mwombaji akueleze atakavyozigawa. Aliyewahi kulisha watu ataanza kukutajia debe la mahindi ni pesa ngapi Kibuye au Wakulima, na maharagwe yamepanda vipi. Ambaye hajawahi atarudi kwenye "uwezeshaji" na "uhamasishaji".

Mishahara si dhambi. Msaidizi wa jamii anayejua kukaa na kijana aliyetoka gundini siku ya tatu ni kazi ya kulipwa, na mara nyingine shirika lenye mishahara mikubwa ndilo lenye wafanyakazi wanaofaa. Cha kuangalia ni mshahara wa nani na kwa kazi gani.

Vingine vya kukagua kwenye fedha:

- Taarifa za benki za miezi kumi na miwili. Tafuta pesa inayoingia leo na kutolewa yote kesho taslimu.
- Hesabu zilizokaguliwa. Hakiki kwamba mkaguzi ana leseni ya ICPAK, taasisi ya wahasibu. Soma maoni yake, si jalada. Mkaguzi akisema hakuweza kupata ushahidi wa kutosha, maana yake ni nzito kuliko inavyosikika.
- Mkataba wa kupangisha. Mwenye nyumba ni nani? Mkurugenzi anayejikodisha nyumba yake kwa pesa za umma ni lazima alitaje hilo waziwazi, na kodi ilingane na ya majirani.
- Wafadhili wengine. Uliza kwa maandishi: nani mwingine analipia vijana hawa hawa? Mtoto mmoja anaweza kuwa analishwa kwenye bajeti nne.

Kundi dogo lisilo na hesabu zilizokaguliwa lisihukumiwe kama shirika kubwa. Kubali daftari la fedha, risiti na taarifa ya M-Pesa, kisha kiwango mtakachowapa kilingane na uwezo wao wa kukitunza.

Hatua ya 6: Nenda ukaone

Hii ndiyo hatua yenyewe. Kama mna muda wa siku mbili tu, punguzeni mikutano, msipunguze ziara.

Nendeni mara mbili. Ya kwanza iwe ya kupangwa, kwa ajili ya mafaili na kuongea na wakurugenzi. Ya pili msiitangaze, na ombi lenyewe liwe na kipengele kinachosema kamati inaweza kufika wakati wowote. Kwa makao ya usiku, fika saa moja na nusu jioni au saa kumi na mbili asubuhi. Nendeni wawili, mwanamke na mwanamume, mkiwa na vitambulisho vya kazi. Pakiwa na watoto, afisa wa watoto awe pamoja nanyi.

Anza na vitu visivyojua kudanganya. Kamba ya nguo: watu thelathini wana nguo nyingi za kuanikwa. Sufuria: inatosha watu wangapi? Kuni au mtungi wa gesi, masizi, taka za maganda. Viatu mlangoni. Godoro lenye karatasi ya dukani bado ni la ziara yako. Choo kinachotumiwa na watu arobaini hakinyamazi, utakijua. Muulize afisa wa afya ya umma alifika hapo lini mara ya mwisho, na wapishi waonyeshe vyeti vyao vya uchunguzi wa afya.

Kisha daftari la kulala. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo linalosema zaidi kuliko faili zima. Daftari la kweli lina kalamu tofauti, mwandiko wa zamu mbili au tatu, majina yaliyokatwa, na lina watoro. Kijana aliyezoea mtaa hutoroka, hasa wiki za mwanzo, akarudi, akatoroka tena. Daftari lisilo na mtoro hata mmoja kwa miezi sita liliandikwa siku moja na mtu mmoja.

Vivyo hivyo kwa orodha ya walengwa. Watu wengi wa mitaani hawana kitambulisho. Ukiona orodha ya vijana sitini na kila mmoja ana namba ya kitambulisho, simu na sahihi safi, usifurahie unadhifu wake. Uliza ilipatikanaje.

Kuna pia watoto wa kuazima. Majirani huombwa watume watoto wao wacheze uani siku ya wageni. Dalili zake ni rahisi: sare za shule tofauti tofauti, na watoto wasiojua nyumba. Mwombe mmoja akuletee kikombe cha maji. Anayeishi pale atakwenda moja kwa moja. Wa kuazima atasimama kumtazama mtu mzima.

Kwa kila mtoto anayelala hapo, faili linapaswa kuwa na amri ya mahakama. Wewe hesabu tu: watoto wangapi, amri ngapi. Kusoma yaliyomo mwachie afisa wa watoto. Habari hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mtoto hakukuomba umsome.

Ukitoka, usiende moja kwa moja garini. Nunua maji kwa mama wa kibanda cha jirani. "Mama, hapa kwa hawa vijana kunakuwaje usiku?" Nyamaza, umwache aongee. Pita kwa mzee wa mtaa na kwa mwalimu mkuu wa shule iliyotajwa, umwulize kama watoto hao wako kwenye rejista yake.

Mwisho nenda maskani yenyewe, pale vijana wa mitaani wanaposhinda: Kondele, stendi ya mabasi, popote walipo. Usianze kwa kutaja jina la shirika. Uliza, "Mkiugua, nani huwapeleka hospitali?" au "Mvua ikinyesha usiku mnaenda wapi?" Jina litakalotoka lenyewe midomoni mwa vijana lina uzito. Na ukilitaja wewe wakacheka, hilo nalo liandike.

*Maonyo ya ziara:*

- Usipige picha za watoto wala za watu wamelala.
- Usitoe pesa. Utavuruga ziara ya mwenzako wa kesho.
- Usimhoji mtoto kuhusu kupigwa au kudhulumiwa. Akikuambia mwenyewe, msikilize, usimwahidi siri, mwarifu afisa wa watoto siku hiyo hiyo. Namba 116 ya simu ya watoto haitozi.
- Usimwahidi mwombaji chochote, hata kwa kutabasamu sana.

Hatua ya 7: Tafuta waliotoka

Shirika likisema "tuliwaondoa mitaani vijana 80", hilo si tokeo. Kuondoa ni rahisi mno. Februari 2019 watu wa mitaani walizolewa Nakuru wakaachwa katika msitu wa Chemasusu, kaunti ya Baringo, mpaka Seneti ikachunguza. Nao walikuwa wameondolewa mitaani.

Swali lako ni: wako wapi leo? Omba majina matano ya waliotoka mwaka jana, uyachague wewe kutoka kwenye daftari, usiachiwe ya kuchaguliwa. Shirika liwaombe ridhaa kwanza, kisha piga simu: kwa kijana, kwa nyanya anayemlea, kwa fundi aliyemchukua gereji. Uliza nani alimrudisha, nani alikuja kumwona baadaye, mara ya mwisho lini. Wawili kati ya watano wakiwa wamerudi mtaani, shirika bado linaweza kuwa zuri, mradi lilijua na limeliandika. Lisilojua yuko wapi hata mmoja lina tatizo kubwa kuliko lenye watoro watatu.

Hatua ya 8: Toa alama peke yako kwanza

Kila mwanakamati ajaze fomu yake kabla ya mjadala, atie sahihi, ampe katibu. Mkianza kwa kuongea, atakayeongea kwanza ndiye atakayekuwa ametoa alama za wote, hasa akiwa mkubwa kazini. Baada ya hapo jadilini tofauti tu. Anayebadilisha alama aandike sababu pembeni, asifute ya kwanza.

Hatua ya 9: Weka masharti, toa kwa awamu

Awamu ya kwanza iwe ndogo. Ya pili itoke baada ya risiti na ziara moja ya ghafla. Andikeni kwenye mkataba ni kitu gani kitawafanya warudishe pesa.

Mambo yakikwama

*Mheshimiwa amepiga simu.* Mjibu kwa heshima: "Asante Mheshimiwa, nitaiandika kwenye kumbukumbu za kamati kwamba umeliulizia shirika hili." Wengi hawapigi tena. Kisha iandike kweli.

*Tumeletewa bahasha.* Usiifungue, usiirudishe kimyakimya. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka mwenye mamlaka kuripoti kwa EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, ndani ya saa 24 hata akishuku tu.

*Tulifika ghafla tukakuta nyumba tupu.* Usihukumu hapo hapo. Rudi kwenye ombi: walisema wana makao, au walisema wanafanya kazi mitaani? Shirika la uji na dawa za vidonda halina sababu ya kuwa na vitanda. Kama walidai vitanda, rudini usiku mwingine, na mkikuta tupu tena mtakuwa na jibu.

*Mashirika mawili yanadai watoto wale wale.* Chukua orodha zote mbili kwa afisa wa watoto. Inawezekana moja linalisha mchana na jingine linalaza usiku, na hapo wape nafasi ya kuomba pamoja. Inawezekana pia mmoja amenakili orodha ya mwenzake.

*Jirani ametuambia mambo mazito kuhusu mkurugenzi.* Mtaani kuna wivu, na kuna ukweli pia. Tafuta mtu wa pili asiyemjua wa kwanza. Yakigusa usalama wa mtoto, hayangoji mtu wa pili: yanakwenda kwa afisa wa watoto leo.

*Cheti kimekwisha muda lakini kazi yao tumeiona kwa macho.* Fedha zisitoke kabla cheti hakijahuishwa. Mnaweza kuwapitisha kwa masharti, mkaweka tarehe.

*Hakuna aliyefuzu, na mwaka wa fedha unaisha 30 Juni.* Tangazeni upya. Najua presha ya "pesa zitarudi Hazina", na najua itakavyosemwa kwamba mmewanyima maskini. Lakini pesa zikienda kwa shirika la mfukoni, lililopo kwenye karatasi tu, wale vijana wa Gioto hawakupata pia, na mwaka ujao mkaguzi mkuu wa hesabu atawauliza ninyi.

*Aliyekataliwa anataka kujua kwa nini.* Mwambie, kwa barua. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Kiutawala za Haki ya 2015 zinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Barua isiseme "hamkufikia kiwango". Iseme ni kigezo gani, alama ngapi, na kilichokosekana: tarehe ya cheti, amri za mahakama kumi na mbili kwa watoto thelathini, daftari lisiloonyesha waliotoka. Ambatanisha fomu ya rufaa na tarehe yake ya mwisho, na uweke nakala kwenye faili la kamati kabla barua haijatoka ofisini.